Baiskeli juu ya paa la gari: namna ninavyozifunga kutoka Moshi hadi Lushoto

Kazi yangu ni kuwapeleka watu kuendesha baiskeli. Leo Marangu, kesho upande wa Rongai, na wenye siku za kutosha tunashuka nao mpaka Mombo na kupanda Lushoto. Watu wanakaa ndani ya gari, baiskeli zinakaa juu ya paa, na kwa kuwa baiskeli hazijui kulalamika, ni juu yangu kujua zina hali gani huko juu.

Wanaonipigia simu kuuliza, "Kaka, hizi baiskeli nizifungeje?" karibu wote wanataka habari za kamba. Kwangu kamba ni jambo la tatu. La kwanza ni pale keria, ile fremu ya kubebea mizigo juu ya paa, inaposhikana na gari. La pili ni pale baiskeli inapokalia keria. Ukishakuwa na uhakika na hizo sehemu mbili, hata kamba ya kawaida itakufikisha. Usipokuwa na uhakika nazo, funga kwa kamba ya meli ukitaka: baiskeli na keria vitaondoka pamoja, vikiwa vimefungana vizuri kabisa. Kwa hiyo nitaanzia chini kwenda juu.

Na kabla ya chini kuna swali moja: je, lazima ikae juu? Mwenye Noah au Hiace na baiskeli mbili, mimi humwambia akunje viti vya nyuma, avue gurudumu la mbele, aziingize ndani. Haziloi, hazichukui vumbi, haziibiwi kirahisi, wala huna haja ya kuwaza geti. Paa ni kwa ajili ya siku ambayo gari limejaa watu.

Paa linabeba kiasi gani

Kila paa lina kikomo, na kikomo kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Shida ni kwamba magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na kitabu, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Tarakimu hata hivyo ni zile zile: tafuta ukurasa wenye mchoro wa paa na namba inayofuatiwa na kg. Magari madogo mengi huangukia kati ya kilo 50 na 75. Ukikosa kabisa, chukulia 50 ndiyo kikomo chako.

Hesabu hiyo inajumuisha kila kitu kilichoko juu ya paa, na keria yenyewe imo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme paa lako linaruhusu kilo 75. Nguzo mbili za aluminiamu, zile fito zinazokatiza paa kwa upana, zina kama kilo 6, trei mbili za kuwekea baiskeli kama 4 kila moja, baiskeli mbili za milimani kilo 15 kila moja. Jumla 44, uko salama, hata ya tatu itaingia. Sasa chukua keria ya chuma iliyochomelewa mtaani kwa skwea paipu. Yenyewe peke yake inaweza kufika kilo 30. Weka juu yake baiskeli mbili za Phoenix za chuma, ambazo kila moja inakaribia kilo 20 au inazidi, na kikomo karibu kimekwisha kabla hujaweka hata tairi la akiba.

Ukitoka kwenye lami, punguza tena. Wapo watengenezaji wa keria wanaotaka uzito upunguzwe theluthi moja kwenye barabara mbovu, kwa sababu kila shimo linarusha mzigo juu kisha linaupokea kwa kishindo. Kwenye barabara za vumbi za vijijini mimi hubeba baiskeli mbili kwenye gari ambalo kwenye lami lingebeba tatu. Ya tatu inaendeshwa na mwenyewe, na kwa kweli ndicho kilichomleta.

Baiskeli ya umeme ina habari yake. Nyingi zina kilo 20 hadi 25, na trei nyingi za paani hazikutengenezwa kwa uzito huo. Ivue betri, iweke ndani ya gari. Utapunguza kilo 2 hadi 4 na utaikinga na mvua. Kisha tafuta mtu wa pili wa kuinyanyua, maana kuipandisha baiskeli ya kilo 22 juu ya Land Cruiser ukiwa peke yako ni kutafuta ugonjwa wa mgongo.

Pale keria inaposhika gari

Yapo magari yenye mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa: Land Cruiser zile za kazi, Land Rover 110, Hiace za zamani. Hayo ndiyo rahisi kuliko yote. Miguu ya keria inashika mfereji, mzigo unagawanyika, unasafiri. Cha kuangalia ni kutu. Mfereji hula kutu kimyakimya chini ya rangi. Pitisha kidole kwa ndani, na ukiona rangi imevimba, ikwangue kwa bisibisi uone chuma kiko wapi.

Yapo yenye reli za paa, zile fito mbili zinazotoka mbele kwenda nyuma. Hapa kuwa na shaka kidogo, kwa sababu kuna magari ambayo reli zake ni urembo tu. Shika reli kwa mikono miwili, isukume huku na huku kwa nguvu mpaka gari zima lianze kuyumba juu ya springi zake. Gari linapaswa kuyumba lote, na reli itulie mahali pake. Ukisikia "kek" kwenye plastiki, achana nayo.

Na yapo yasiyo na kitu, paa tupu, kama IST na Vitz. Haya yanahitaji nguzo zenye miguu inayoshika ukingo wa mlango kwa ndani, na kulabu zake hutengenezwa kwa gari la aina fulani. Kulabu za Vitz usizilazimishe kwenye IST kwa nyundo. Kuna pia mito laini inayofungwa kwa mikanda inayopita ndani ya gari kupitia milangoni. Inafaa kutoka mjini mpaka shambani, mwendo wa pole. Mvua ikinyesha, maji hufuata mkanda mpaka mapajani mwa abiria.

Kabla ya kufunga miguu, futa paa kwa kitambaa chenye maji. Vumbi linalobaki chini ya mpira wa mguu linasaga rangi safari nzima. Kisha kaza kidogo kidogo, kushoto halafu kulia, mbele halafu nyuma. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, nguzo inakaa mshazari na upande wa pili hautakuja kukaa sawa. Nguzo mbili ziachane kama sentimita 70 au zaidi. Zikiwa karibu mno, baiskeli inanesa mbele na nyuma.

Ukichomelewa keria na fundi, mwambie mapema mambo haya. Ncha za paipu zizibwe, zisiachwe wazi zikikusanya maji na kukata mikono. Chini ya kila mguu kuwe na mpira mnene. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, au ziwekwe washa za springi, kwa sababu barabara ya vumbi yenye vituta vidogo vidogo inafungua nati ya kawaida bila kuigusa. Na umwombe achomelee vipete sita vya duara vya kupitishia mikanda: vitatu kila upande. Fundi atakuambia vipete havina haja, kamba utafunga popote. Vina haja. Kamba iliyofungwa "popote" inateleza kando ya paipu mpaka ikutane na kona, na hapo tayari imelegea.

Jaribio la mwisho la sehemu hii ni lile lile: shika keria, tikisa. Gari liyumbe, keria isijisogeze hata kidogo.

Baiskeli inavyokalia

Vua kwanza vitu vyote vinavyovulika: chupa ya maji, pampu, taa, kikapu, mfuko wa chini ya kiti, kiti cha mtoto. Kiti cha mtoto hasa, kwa sababu kinakamata upepo wote wa barabara. Tairi zijazwe upepo wa kutosha. Tairi laini inakubali mkanda leo, halafu inalegea kesho yake asubuhi.

Kama una trei za dukani, kuna za aina mbili zinazoonekana sana kwetu. Moja ina mkono unaoinuka na kubana bomba la chini la fremu, magurudumu yote mawili yakiwa kwenye mfereji wa trei. Kwa fremu ya chuma au aluminiamu hiyo ni nzuri na haraka. Kwa fremu ya kaboni sipendi kabisa. Kaboni ina nguvu kule ilikokusudiwa kubeba uzito, lakini ukuta wa bomba ukibanwa kwa pembeni unaweza kupasuka kwa ndani bila kuonyesha kitu nje. Mgeni akija na baiskeli ya kaboni, mimi hutumia trei inayoshika magurudumu pekee, bila kugusa fremu.

Aina ya pili inashika foku, ile miguu miwili inayolikamata gurudumu la mbele. Unavua gurudumu, unakalisha foku kwenye kishikizo, unabana. Baiskeli inakaa chini zaidi na haichezi. Lakini ujue ekseli yako kwanza. Za zamani zina ule wenzo wa kufungua haraka, wa milimita 9; za sasa zina ekseli nene ya kupenyeza, milimita 12 au 15, na kishikizo cha moja hakiingii nyingine bila kiunganishi. Wenzo wa kubana ukiufunga uache alama kwenye kiganja. Usipoacha alama, haujabana. Na kama breki ni za diski zenye mafuta, gurudumu likishatoka tia kipande cha kadibodi kilichokunjwa katikati ya pedi zake. Mtoto akiibonyeza breki bila kitu katikati, pedi zinakutana, na utatumia nusu saa kuzitenganisha kwa bisibisi huku mgeni anakutazama.

Wengi wetu lakini hatuna trei. Tuna keria tambarare ya chuma, na swali ni namna ya kukalisha baiskeli juu yake. Watu huzilaza ubavu. Inawezekana, ikiwa moja tu, upande wa cheni ukiwa juu na pedeli zimevuliwa. (Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kulia. Usipojua hilo utaikaza mpaka spana iteleze.) Ila ukilaza ya pili juu ya ya kwanza, zinakwaruzana njia nzima, na ile ya chini inafika na spoki zimepinda.

Ninayoipenda ni kuigeuza kichwa chini. Usukani unalalia nguzo ya mbele, kiti kinalalia nguzo ya nyuma, magurudumu yanatazama mbinguni. Inaonekana kichekesho, na watoto wa Himo hukimbilia gari kuitazama, lakini ina maana yake: usukani ni mpana, unakaa pande mbili, kiti ni sehemu ya tatu, na kitu kinachosimama kwa sehemu tatu hakiyumbi. Sogeza nguzo za keria zilingane na umbali kati ya usukani na kiti, usivute baiskeli ifuate nguzo.

Zungushia usukani vipande vya tyubu kuukuu pale unapogusa chuma, na kiti ukifunike kwa fulana iliyochakaa. Hakikisha nguzo inagusa bomba la usukani lenyewe, katikati, na kwamba mpini wa breki, kibadili gia na waya zake hazibanwi na kitu. Hapo ndipo unapofunga: mahali pawili kwenye usukani, kushoto na kulia, na mahali pamoja nyuma, ukipitisha mkanda kwenye vile vyuma viwili vilivyo chini ya kiti. Usifunge ngozi ya kiti, inavutika. Mwisho funga kila gurudumu na fremu kwa kipande kifupi cha tyubu, yasizunguke kwa upepo.

Baiskeli zikiwa mbili, moja itazame mbele na nyingine nyuma, ili usukani wa hii uwe karibu na kiti cha ile. Zikitazama upande mmoja zitagombana. Na usukani usitokeze nje ya upana wa gari, kwa sababu wa kwanza kuugundua atakuwa mwendesha bodaboda anayekupita.

Ikiwa ni moja tu, iweke upande wa kushoto. Tanzania dereva anakaa kulia, kwa hiyo kushoto ndiko kando ya barabara. Ukisimama kukagua mikanda, utasimama upande wa majani, malori yakipita upande wa pili wa gari.

Angalizo la breki za mafuta: zikisafiri kichwa chini, hewa iliyomo kwenye kikopo cha mafuta inaweza kuingia kwenye bomba. Ukizigeuza, bonyeza mpini mara kadhaa kabla mtu hajapanda. Ukiwa laini kama sponji, iache baiskeli isimame dakika chache, kisha bonyeza tena mpaka urudi kuwa mgumu. Usirudi, basi hiyo baiskeli haishuki mlima leo.

Sasa kamba

Ile mipira myeusi inayokatwa kwenye tyubu na kuuzwa kila soko ni vitu vizuri sana, na kila siku ninayo. Lakini mpira unavutika. Ndiyo kazi yake. Unafaa kuzuia kitu kisigongegonge. Haufai kuwa ndio unaoshika mzigo, kwa kuwa ukifunga breki ghafla mpira unarefuka, baiskeli inasogea mbele, kisha unairudisha kwa kishindo.

Kamba ya manila, ile ya plastiki, ni nafuu na inateleza kwenye fundo. Ukiitumia, mwisho wa fundo uuache mrefu na uufunge tena. Kamba ya nailoni ina nguvu lakini nayo inavutika, hasa ikilowa. Katani, nasema haya huku napita katikati ya mashamba ya mkonge kila ninaposhuka Mombo, hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo ukifunga asubuhi ya manyunyu ya Marangu, ukifika jua la Same fundo limelegea.

Ninachotumia ni mikanda ya poliesta yenye kibano cha kuvuta kwa mkono, upana wa sentimita 2.5. Ile ya racheti, inayokazwa kwa mpini, naiweka kwa ajili ya keria na mizigo migumu. Racheti ina nguvu kupita kiasi kwa baiskeli. Mtu mwenye mkono mzito anaweza kupinda ringi nayo asijue.

Mwelekeo wa mkanda una uzito kuliko idadi ya mikanda. Utingo mmoja mzee aliyekuwa akifunga malori ya ndizi aliwahi kuniambia kwamba mkanda wa kushuka moja kwa moja chini unazuia mzigo usiruke, basi; wa kuzuia usisogee ni ule unaokwenda mbele na ule unaokwenda nyuma. Fikiria gari linapofunga breki. Baiskeli inataka kuendelea mbele, na uzito wake uko kama nusu mita juu ya keria, kwa hiyo haisukumi tu, inataka kupinduka. Mkanda mmoja uelekee nyuma kwa mshazari kuzuia hilo, mwingine uelekee mbele kwa ajili ya kupanda mlima na matuta. Hivyo vipete sita vya fundi vinapata kazi yake.

Mkanda bapa ukiuvuta wima bila kuusokota, utaimba. Kuanzia kama kilomita 60 kwa saa unatoa mlio mzito unaojaza gari zima, na abiria wataanza kuuliza injini ina nini. Usokote mara moja kabla ya kukaza, mlio unakwisha. Ncha zinazobaki zifunge. Ncha inayopepea inachapa rangi ya paa mpaka inaitoa.

Urefu wa gari lako umebadilika

Pima. Gari la mita 1.7, nguzo sentimita 10, baiskeli iliyosimama kama mita 1.1: una gari la mita 2.9. Andika namba hiyo kwenye kipande cha tepu na ukibandike kwenye dashibodi. Maegesho ya chini ya majengo ya Dar mengi yana chuma kinachoning'inia kwenye mita 2 na kitu. Sheli kubwa za barabara kuu hazina tatizo, ila zile ndogo za ndani ya mji nizikaribiapo huangalia juu kwanza. Halafu kuna geti la nyumba ya wageni lenye boriti na kibao cha "Karibu", mwembe ulioachwa uinamie uwanja, na waya wa umeme uliolegea kuelekea duka la nyuma.

Hatari kubwa ni nyumbani kwako mwenyewe. Njiani uko macho. Umefika, umechoka, mlinzi anafungua geti kama kila siku, unaingia kama kila siku. Mimi huning'iniza glavu moja ya baiskeli kwenye mpini wa gia wakati wowote ambapo juu kuna kitu. Mkono hauwezi kubadili gia bila kuigusa. Kwa gari la otomatiki, itundike kwenye kioo cha ndani.

Njiani

Mwendo wangu ni 80, hata pale barabara inaporuhusu zaidi. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Kutoka 80 kwenda 100 inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu, na nguvu hiyo yote inapokelewa na mikanda na miguu ya keria. Mafuta nayo yanaliwa. Vijijini ni 50 kwa watu wote, na tuta hulivuka polepole kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja. Wale wanaolipita kwa mshazari wanalipinda gari, na keria inapindwa nalo.

Kati ya Mwanga na Same kuna upepo wa ubavuni unaotoka kwenye tambarare ukapiga gari bila taarifa. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mpaka 70. Mabasi ya kutoka Dar yanayokuja mbele yako yana upepo wao pia: basi likikupita, kwanza unasukumwa nje, kisha unavutwa ndani. Baiskeli mbili zilizosimama juu ya paa zinalikuza jambo hilo sana. Sogea kushoto mapema, toa mguu kwenye mafuta.

Simama baada ya kilomita 20 hivi za kwanza. Mimi kwa safari ya Lushoto husimama Himo. Huo ndio ukaguzi wenye maana kuliko yote, kwa sababu kila kitu kilichofungwa asubuhi kimeshatulia mahali pake na mikanda karibu yote inakubali kukazwa tena kidogo. Natikisa keria, navuta kila mkanda, naangalia miguu minne. Nasimama tena Same, na tena Mombo kabla ya kupanda. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, na kona zinatikisa mzigo upande kwa upande, jambo ambalo barabara ya kunyooka haikulifanya.

Katikati ya vituo, sikiliza. Mlio wa kuimba ni mkanda. Filimbi ni nguzo tupu au tundu la paipu. "Tok, tok" kwenye mashimo ni mguu wa keria umelegea, na hapo usisubiri mpaka Same. Unasimama pale pale penye nafasi.

Mvua ikianza, usizifunike baiskeli kwa turubai. Turubai ni tanga, litaondoka nazo. Funika kiti kwa kitu kisichopitisha maji, ukibane, basi. Na cheni usiitie mafuta kabla ya safari ya vumbi. Mafuta mabichi yanakusanya vumbi na kuligeuza msasa. Itie ukifika.

Mkisimama kula Korogwe mkirudi Dar, egesha mahali unapoliona gari ukiwa mezani. Waya wenye kufuli ukipitishwa kwenye fremu zote na kwenye keria unamzuia mtu wa haraka. Mwenye muda na bisibisi haumzuii, kwa hiyo kaa unapoona.

Kushusha

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Simama kwenye kitu kigumu. Tairi la gari linafaa, ukingo wa mlango uliofunguliwa haufai, unapinda bawaba. Mmoja ashike baiskeli kabla mkanda wa mwisho haujafunguliwa. Wengi hufungua mikanda yote kwanza, kisha ndipo wanatafuta wa kusaidia, na upepo unafika kabla ya msaidizi.

Ikiwa chini, rudisha gurudumu, kaza ekseli, zungusha uone kama diski haigusi pedi. Bonyeza breki zote mbili. Shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Usukani ukicheza, kaza kichwa chake. Angalia kibadili gia cha nyuma kisiwe kimepinda kuelekea spoki, kwa sababu hicho ndicho kinachogongwa sana wakati wa kupandisha na kushusha. Mwenye baiskeli azunguke uwanjani mara moja kabla ya kutoka barabarani.

Keria usiiache juu mwezi mzima bila kazi. Inakula mafuta na miguu inaachia kutu kwenye mfereji. Ninapoivua, kila bolti narudisha kwenye tundu lake na kuikaza kwa vidole, mikanda nasafisha kwa maji matupu na kuianika kivulini, kisha glavu inarudi mfukoni mwa mlango wa dereva.